Miradi Mingi, Mwenyewe Hayupo

Kila kampuni kubwa ya madini inayofanya kazi kati ya Likasi, Kambove na Fungurume ina orodha yake ya miradi, na ukizisoma orodha hizo moja moja zinapendeza. Kiwanda kipya, laini ya umeme, kisima, madarasa, kipande cha barabara: kila kitu kina bajeti yake, mkandarasi wake, siku ya kuanza na siku ya kukata utepe. Ni nadra kumkuta mtu mmoja, ndani ya kampuni hiyo hiyo, anayewajibika kujibu kama vitu hivyo vyote vikijumlishwa vitaleta kile kilichoahidiwa. Wataalamu wa uongozi huiita kazi hiyo usimamizi wa programu, yaani kuliongoza kundi la miradi inayotegemeana kama shughuli moja yenye mwenyewe mmoja. Serikali ya Uingereza iliiandikia mwongozo mwaka 1999, na tangu hapo vyeti vyake vinauzwa duniani kote. Haut-Katanga haihitaji kununua cheti ili kuuona umuhimu wake. Historia ya shaba yetu inatosha, na mimi naisoma hivi: hasara zetu nyingi kubwa zilitokana na miradi iliyofaulu, kila mmoja kivyake, bila mtu mwenye mamlaka juu ya yote.

Shituru, hapa Likasi, ndipo mahali ambapo kutegemeana huko kunaonekana kwa macho. Union Minière, kampuni ya madini ya Kibelgiji, iliwasha kiwanda chake cha elektrolisisi huko mwaka 1929, na mwaka uliofuata kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kikaanza kuzalisha. Ukaribu wa tarehe hizo haukuwa bahati. Katika ukumbi wa elektrolisisi, shaba iliyokwisha kuyeyushwa kwa asidi hupitishiwa umeme ili igande kidogo kidogo juu ya bamba, siku baada ya siku, hadi bamba liwe zito la kutosha kuinuliwa. Kazi hiyo hula umeme wa takriban kilowati-saa 2,000 kwa kila tani. Umeme ukikatika, hasara haiishii kwenye saa zilizopotea, kwa sababu bamba likiachwa ndani ya asidi bila umeme, shaba iliyokwisha kuganda huanza kuyeyuka tena polepole. Kiwanda kilichokamilika kabla ya umeme wa uhakika kupatikana kinakuwa mtambo wa kutengua kazi yake wenyewe. Na umeme ulikuwa kiungo kimoja tu. Palihitajika asidi, ambayo Sogechim iliitengeneza hapa hapa mjini, makaa ya mawe ya Luena, reli ya BCK, hata unga wa Minoka wa kulisha kambi za wafanyakazi. Kwenye karatasi zilikuwa kampuni mbalimbali. Brussels, hata hivyo, palikuwa na watu wachache waliojua ipi ianze, ipi ingoje, na ipi ikopeshwe fedha za mwenziwe.

Jibu la haraka nalijua: huo ulikuwa ukoloni, na ukoloni hauna la kutufundisha. Sehemu kubwa ya jibu hilo naikubali. Union Minière iliweza kupanga kila kitu kwa sababu haikuhitaji idhini ya mtu yeyote wa hapa. Iliajiri, ikahamisha na kuadhibu itakavyo, na wafanyakazi walipogoma Desemba 1941, mgomo ulioanzia sehemu za Likasi ukaenea hadi Lubumbashi, walijibiwa kwa risasi. Faida ya mpango mzima ilihesabiwa Ubelgiji. Lakini hapo hapo ndipo penye somo. Swali la kwanza la programu yoyote ni faida ya nani, na itapimwaje. Wao walikuwa na jibu, ingawa lilikuwa la dhuluma. Sisi tulirithi mitambo, tukalifuta jibu hilo kwa haki kabisa, kisha hatukuandika lingine mahali pake. Kampuni ya taifa iliyochukua nafasi ya Union Minière mwaka 1967, na ambayo baadaye ikaitwa Gécamines, ilifikia uzalishaji wa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 40,000. Kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwezi Septemba 1990 kulichangia, na vurugu za kisiasa zilichangia. Ila chanzo kilikuwa cha zamani zaidi: dola za shaba zilichukuliwa kwa matumizi ya Kinshasa, na matengenezo ya mgodi, ya kichujio, ya kiwanda na ya reli yakaahirishwa kila moja kwa wakati wake, pasipo mtu wa kusema kwamba kiungo kimoja kikifa mnyororo wote umekufa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni laini ya Inga–Shaba, na inafaa tukae nao. Katika miaka ya 1970 serikali ya Zaire iliamua kuvuta umeme kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, kwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 500,000. Ulipokamilika mwaka 1982 ulikuwa mstari mrefu kuliko wote wa aina yake duniani, na gharama yake ilizunguka dola bilioni moja. Kwa mhandisi, huo ni ushindi. Sababu iliyotolewa ya kuujenga ilikuwa kupanuka kwa uchimbaji wa shaba huku kwetu, na mhimili mmoja wa upanuzi huo ulikuwa Tenke-Fungurume, ambako kampuni za kigeni zikiwemo Charter Consolidated, Amoco na Mitsui zilikuwa zimeungana na serikali tangu mwaka 1970. Sasa tazama tarehe. Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kufika baharini. Januari 1976 wabia wa Tenke-Fungurume, wakiwa wameelemewa na bei ya shaba iliyoanguka, gharama zilizopanda na reli iliyofungwa, walisimamisha ujenzi. Miguu miwili kati ya mitatu ya hesabu ilikuwa imekatika. Ule wa tatu, laini ya umeme, uliendelea kujengwa kwa miaka sita zaidi. Shaba ya Tenke-Fungurume ilikuja kutoka mwaka 2009, miaka 33 baada ya kazi kusimama, chini ya wawekezaji wengine kabisa.

Kati ya Inga na Kolwezi nyaya zilipita juu ya vijiji vya Bandundu na Kasai bila kuacha hata taa moja, kwa sababu umeme wa mkondo mnyoofu wenye nguvu kiasi hicho hauchukuliki njiani pasipo kituo cha gharama kubwa sana. Vyuma vya minara vikaanza kufunguliwa na watu ambao hawakuona sababu ya kuvilinda. Wakati huo huo Katanga ilikuwa na vituo vya umeme kwenye mito yake: Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, vyote vikiwa vimejengwa kabla ya uhuru. Pale Busanga, kwenye Lualaba hiyo hiyo, pamejengwa bwawa la megawati 240 miaka ya karibuni tu, kwa ajili ya mgodi wa Sicomines. Wengi wameeleza kwamba Mobutu alitaka swichi ya Katanga iwe magharibi, mbali na jimbo lililowahi kujitenga mwaka 1960, na maelezo hayo yana mantiki. Kama ni kweli, basi faida iliyokuwa ikitafutwa haikuwa ile iliyoandikwa kwenye mikataba, na programu yenye faida ya siri haiwezi kupimwa na mtu yeyote, hata na wale wanaoilipia.

Kuna watakaochukua kisa hicho na kunigeuzia: tatizo ni mipango mikubwa, kwa hiyo igawe iwe midogo, kila mradi ujitegemee, na soko liamue. Hoja hii ina uzito kwa mtu aliyeona madeni ya miaka ile. Lakini Inga–Shaba haikuponzwa na kuunganishwa mno na mgodi na reli. Iliponzwa na kutounganishwa. Kila kipande kilikuwa na mkopeshaji wake, mkandarasi wake na mkataba wake wenye adhabu, na mwanzoni mwa 1976 hapakuwa na kiti ambacho mtu angekikalia, akaweka mikataba yote mezani na kusema: mgodi umesimama, reli imefungwa, basi laini ama ipunguzwe, ama ibadilishwe, ama ingoje. Kusimamisha kungegharimu, sikatai. Kuendelea kuligharimu zaidi, na deni hilo lililipwa na watu ambao hawakuwahi kuwashiwa taa. Tumezoea kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama; hapa mabaharia walikuwa hodari na nahodha hakuwapo.

Wala jambo hili si la zama za Mobutu wala la Kongo peke yake. Kaskazini mwa Kenya, kwenye Ziwa Turkana, kampuni binafsi ilisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na mapema mwaka 2017 mitambo hiyo ilikuwa tayari. Laini ya kuusafirisha umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa mradi wa mtu mwingine, wa shirika la umma. Ilicheleweshwa na fidia za ardhi, na mkandarasi wake wa Kihispania akafilisika. Upepo ulivuma hadi Septemba 2018 ndipo umeme ukaingia kwenye gridi, na serikali ya Kenya ikalazimika kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Ukisoma ripoti ya mradi wa mitambo, ni mafanikio. Aliyeshindwa ni yule ambaye hakuwahi kuteuliwa: wa kusimama kati ya mikataba miwili.

Kampuni zetu za leo zinajua jambo hili zaidi ya zinavyokiri. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ilielewa mapema kwamba mgodi bila umeme ni shimo, kwa hiyo Ivanhoe Mines na wabia wake walifadhili, pamoja na SNEL, shirika la taifa la umeme, ukarabati wa Mwadingusha ile ile ya 1930. Mitambo yote sita ilirudi kazini mwaka 2021, jumla ya megawati 78, na mwaka huo huo, mwezi Mei, mgodi ukatoa shaba yake ya kwanza. Huo ndio usimamizi wa programu: kampuni ilitoka nje ya uzio wake ikaenda kushika kiungo ambacho si chake. Baadaye mwendo ukapotea. Awamu ya pili ilikuja 2022, na ya tatu ilikamilika katikati ya 2024, kabla ya muda uliopangwa, jambo ambalo wahandisi walisifiwa kwa haki. Turbini namba 5 ya Inga II, megawati 178, ambayo ilifadhiliwa kwa ajili ya upanuzi huo huo, ilikuwa bado haijawaka. Pengo likazibwa kwa majenereta ya dizeli na kwa umeme ulionunuliwa nje ya nchi. Sifa ya kuwahi iliandikwa upande mmoja wa daftari na bei ya dizeli upande mwingine, na anayezisoma kurasa zote mbili kwa pamoja ndiye ninayemtafuta katika makala haya. Huko Kikula na Panda, ambako Mwadingusha ni jirani, watu wanaendelea kupangiwa zamu za giza.

Pingamizi zito zaidi ni la wale waliokwisha kuchoka na ofisi. Kongo haikosi mabaraza ya uratibu, watasema. Kila mpango ulikuja na ofisi yake, magari yake na mikutano yake hotelini. Kweli. Mkataba wa 2008 na kampuni za Kichina, uliozaa Sicomines, ulikuwa programu kwa maana kamili ya neno: mgodi upande mmoja, barabara na hospitali upande mwingine, na shaba ikilipia yote. Ulipewa ofisi maalumu ya uratibu Kinshasa, na palikuwapo pia wakala wa kazi kubwa za ujenzi. Fungu la miundombinu liliposhushwa mwaka 2009, lilibaki dola bilioni 3. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitangaza kwamba katika miaka hiyo yote ni dola milioni 822 tu zilizokuwa zimeingia kwenye miundombinu, hesabu ambayo ubalozi wa China uliipinga vikali. Machi 2024 mkataba ukarekebishwa, miundombinu ikapandishwa hadi dola bilioni 7, na malipo ya kila mwaka yakafungwa na bei ya shaba. Yeyote aliye na haki katika ubishi ule, miaka 15 ilipita kabla wananchi hawajaonyeshwa jedwali moja lenye kilichoahidiwa, kilichotolewa na kilichofanya kazi. Ofisi ilikuwapo. Haikuwa na amri ya kuzuia malipo mradi unapokwenda kombo, wala wajibu wa kutangaza faida baada ya utepe kukatwa, na bila mambo hayo mawili, uratibu ni kuandika kumbukumbu za mikutano.

Ndiyo maana sidai wizara mpya wala wakala mpya. Nadai jina. Katika kamati ya uongozi ya kila kampuni kubwa awepo mtu mmoja ambaye fedha za miradi yote inayotegemeana zinapita mkononi mwake, mwenye uwezo wa kuusimamisha mradi unaokwenda vizuri kwa kuwa mwenzake umechelewa, na ambaye cheo chake kinategemea matokeo ya miaka miwili baada ya ujenzi. Huyo atachukiwa na mameneja wa miradi, bila shaka, kwa maana atawaambia wangoje wakati wao wako tayari. Na kwa Gécamines jambo hili ni la lazima zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imegawa machimbo yake kwa ubia mmoja mmoja, ikabaki na hisa chache hapa na chache pale, huku viwanda vyake vya Likasi vikihangaika kutafuta madini ya kula. Mpango wake wa 2012 hadi 2016 uliahidi tani 100,000 za shaba kwa mwaka ifikapo 2015, na haikulikaribia lengo hilo. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuikabidhi kazi ya kuunganisha kampuni iliyoshindwa kujiunganisha yenyewe. Ni swali halali, na jibu langu ni la kiutendaji tu: ndiyo pekee yenye kiti katika bodi za ubia nyingi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Inaona mpango wa asidi wa huyu, mpango wa umeme wa yule na malori ya wote yanayosongamana barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi wakati reli ya SNCC iko kando yake. Sasa ambapo korido ya reli ya Lobito inazungumzwa kila wiki, na upande wa Angola umekabidhiwa waendeshaji binafsi tangu 2023, itakuwa ajabu kipande cha Tenke hadi Likasi hadi Lubumbashi kikabaki mradi wa kila mtu, maana yake mradi wa hakuna mtu.

Lipo jambo dogo zaidi ambalo halihitaji Kinshasa wala Lobito. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inaidai kila kampuni inayochimba asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na pia cahier des charges, daftari la ahadi kwa jamii zinazoathiriwa. Kila kampuni inatia sahihi daftari lake. Kampuni tatu zikizunguka eneo moja, unaweza kupata madarasa matatu na usipate mwalimu hata mmoja anayelipwa, kwa sababu mwalimu asipoingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, yaani asipokuwa mécanisé, jengo jipya linamwachia kazi bila mshahara, na tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 wazazi hawaruhusiwi tena kumchangia rasmi. Vivyo hivyo kisima chenye pampu ya umeme kwenye mtaa usio na umeme. Madaftari haya yana muda wake na hurudi mezani kujadiliwa. Yatakaporudi, meya wa Likasi na wakuu wa komini zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, pamoja na viongozi wa Kambove, wanaweza kuyasoma yote siku moja, chumba kimoja, kabla ya kutia sahihi lolote, na kuitaka kila kampuni itaje ni nani ndani yake atakayejibu kuhusu mwalimu na pampu, na siyo kuhusu jengo. Ikishindwa kumtaja, daftari lirudishwe bila sahihi.